Siku Tuliyompeleka Ng'ombe wa Chokoleti Maonyeshoni

Kabla ya kufika kwa Mama Njambi nilikuwa nimeacha kazi nyingi kiasi kwamba jamaa zangu hawakuuliza tena ninafanya nini. Waliuliza tu niko wapi. Nilitoka shule darasa la sita. Karo ilichangia, lakini lawama kubwa ni ya dirisha la darasa letu, ambalo lilitazama barabara. Nikachuma pareto Molo. Nikashona magunia kwenye shamba la ngano. Nikapikia wapasua mbao chai kule Timboroa. Chepsaita nikaajiriwa kwenye kinu cha unga, nikakaa mpaka nilipoelewa jinsi mkanda unavyozungusha jiwe. Siku nilipoelewa, nikaaga. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wangu: kitu kikishanifungukia, nyayo zinaanza kuwasha.

Ninyi wa chumba cha chokoleti mmezoea kuniona kama ukuta wa jengo, na wengine mnadhani nilizaliwa nimevaa aproni. Kwa hiyo nawaandikia jinsi nilivyokuja na kwa nini sikuondoka. Vyeo sitavitaja, vilikuja vyenyewe kama mvi. Mshahara nao mnaujua, maana mnaulalamikia kila mwezi kwa sauti ninayoisikia hadi nyumbani Kimumu.

Nilifika kwa kufuata harufu. Nilikuwa nimetoka stendi ya Eldoret asubuhi, sina mpango, na karibu na reli upepo ukaniletea kitu kama sukari inayoungua na kitu kingine nisichokijua, kizito, cha kahawia. Ndiyo, nilijua harufu hiyo ni ya kahawia kabla sijaiona. Nikaifuata mpaka nyuma ya duka moja, na hapo mlangoni alisimama mwanamke mpana, kitambaa kichwani, anampigia kelele mtu wa makaa. Huyo alikuwa Mama Njambi, mjane kutoka upande wa Murang'a. Yeye na marehemu mumewe walianza kwa kuuza sukari na mafuta ya taa, halafu wakaona ni afadhali sukari waipike.

"Unataka nini?" akaniuliza.

"Nataka kujua ni nini kinanukia."

"Ukitaka kujua, uoshe sufuria. Umewahi kufanya kazi wapi?"

"Kwingi, mama."

"Ulifukuzwa?"

"Hapana. Nilimaliza kuziangalia."

Akanitazama juu mpaka chini, kisha akacheka mpaka mtu wa makaa naye akacheka bila kujua kwa nini. "Basi ingia," akasema. "Hapa utaangalia ukiosha."

Ndani alikuwemo Mzee Macharia. Huyu ndiye mwalimu wangu, na kila mnachofanya leo kwa mashine yeye alikifanya kwa mwiko na uvumilivu. Awali alikuwa seremala wa vitanda na majeneza. Nilipomuuliza kwa nini aliacha, akasema alichoka kutengeneza vitu vya watu kulala. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa akiwa amekupa mgongo.

Vifaa vyetu mngeviona mngelia. Kulikuwa na sufuria kubwa yenye kuta mbili na maji katikati, ambayo Mama Njambi aliinunua ikiwa imechakaa tayari. Kulikuwa na bamba la marumaru tulilolipata kwa fundi wa makaburi aliyekosea kuandika jina la marehemu. Chokoleti tuliimwaga upande usio na jina. Kipimajoto hatukuwa nacho. Mzee Macharia alichovya kidole, akapaka chokoleti chini ya mdomo wa chini, akafumba macho. Ukihisi joto, bado. Ukihisi baridi kidogo, kidogo tu kama pua ya mbwa mzima, ndiyo wakati wa kumimina. Nimefundisha watu wengi hapa njia hiyo, na wote wamecheka, na wote wameishia kuitumia siku ambayo stima imepotea.

Sasa mnielewe. Peremende nilizielewa haraka, na nyayo zikaanza kuwasha. Lakini chokoleti ilinikatalia. Leo inatoka kwenye kalibu yake inang'aa mpaka unajiona. Kesho, moto ule ule, mkono ule ule, inatoka ya kijivu kama muundi wa mtu asiyepaka mafuta. Nilimuuliza Mzee Macharia kwa nini. "Imekasirika," akasema. Nikauliza nani kaikasirisha. "Wewe," akasema, "kwa maswali." Nililala nikiifikiria. Niliamka nikiifikiria. Miguu ilikuwa imetulia tuli, na mimi mwenyewe nilikuwa wa mwisho kugundua.

Shida ilikuwa moja: hakuna aliyeinunua. Watu wa Eldoret walipenda peremende ngumu, ile unayoweza kuitoa mdomoni ukazungumza na mkwe kisha ukairudisha. Chokoleti waliiona kama kitu cha wagonjwa na watalii. Tena iliyeyuka mfukoni, na mtoto akirudi nyumbani na kaptula ya kahawia alichapwa kwa kosa lingine kabisa.

Ndipo ilipotangazwa kwamba kutakuwa na maonyesho ya chokoleti na kakao hapo mjini, kwenye ukumbi mkubwa, na wenye maduka wote wa wilaya wangealikwa. Watengenezaji wangetoka Nairobi na wakulima wa kakao wangetoka Uganda. Mama Njambi akatuita mbele ya ile sufuria ya kuta mbili.

"Sikilizeni," akasema. "Kama siku hiyo hakuna mwenye duka hata mmoja atakayeagiza chokoleti, hii sufuria inaenda kwa yule mtu wa Kisumu anayeitaka ya kupikia sabuni. Macharia, wewe utarudi kwa majeneza. Nafula, wewe utarudi kwa barabara."

Maisha yangu yote barabara ilikuwa imenipa raha. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuisikia ikitajwa kama adhabu, na kweli iliniuma kama adhabu.

Wazo la ng'ombe lilikuwa la Mama Njambi. Alisema watu wa Nairobi watakuja na makaratasi yanayong'aa, sisi tuje na kitu ambacho mkulima wa hapa akikiona hawezi kupita. Mzee Macharia akachonga ng'ombe wa mti, nusu ya kulia na nusu ya kushoto, mwenye ukubwa wa mbuzi lakini mwenye sura na madaha ya ng'ombe wa gredi. Fundi wa jua kali akagonga mabati ya debe juu ya mti ule, tukapata kalibu mbili. Tulimimina kabla jua halijachomoza, maana baridi ya Eldoret ndiyo iliyokuwa friji yetu. Miguu na kichwa tulivijaza chokoleti tupu. Tumbo tuliliacha na uwazi ndani, la sivyo tungehitaji lori. Mwisho Mzee Macharia akatengeneza kiwele.

Nilimwambia, "Mzee, hicho kiwele ni kikubwa."

"Ni wa maziwa."

"Lakini hawezi hata kutembea."

"Kwani anaenda wapi?"

Chokoleti yetu yote iliishia kwenye mwili wa yule ng'ombe. Hatukubakisha hata kipande cha kuonjesha. Mpango ulikuwa rahisi: mgeni wa heshima amkate, ale wa kwanza, halafu wenye maduka waonje. Siku hizo nchi ilikuwa na chama kimoja, na hakuna kitu kilichofunguliwa bila mgeni wa heshima, iwe ni daraja au ni peremende. Na sheria ya maonyesho ilikuwa kwamba kitu kilichotengewa mgeni hakiguswi na mtu mwingine kabla yake.

Tulimpeleka kwa mkokoteni alfajiri, amefunikwa mablanketi yaliyolowa. Tukapita njiani taratibu, mimi nasukuma, Mzee Macharia mbele ameshika kichwa. Wanaume waliokuwa wakienda kazini wakavua kofia. Mama mmoja akasimama kando, akasema, "Poleni sana. Alikuwa mtoto?" Mzee Macharia, ambaye kwa kazi yake ya zamani alizoea haya mambo, akainamisha kichwa, akajibu, "Asante, mama. Tumeyakubali." Mimi nilicheka nikiwa nimeuma blanketi, na mpaka leo najua ladha ya blanketi lile.

Wacha niwaambie kuhusu ukumbi. Nimeingia kwenye maonyesho mengi baadaye, mengine ya vioo na mazulia, lakini hakuna yaliyonilevya kama yale. Tulipomaliza kumsimamisha ng'ombe wetu mezani, Mama Njambi akasema, "Nenda uangalie, kabla hujanipasukia hapa." Nikaenda kama mbuzi aliyekatika kamba.

Kulikuwa na mkulima wa Uganda aliyekuja na matunda yenyewe ya kakao. Nilikuwa nimekoroga kakao muda mrefu bila kuliona tunda lake. Lilikuwa kama boga dogo, la manjano na wekundu, lenye mistari. Mkulima akaniambia kwamba halining'inii kwenye tawi kama matunda yenye adabu, bali huota moja kwa moja kwenye shina. Nikamwambia ananidanganya. Akaniapia kwa mama yake. Akalipasua, na ndani kulikuwa na mbegu zimevaa nyama nyeupe laini. Akanipa moja ninyonye. Ilikuwa tamu na chachu, kama stafeli lililochanganywa na limau, na haikuwa na hata chembe ya chokoleti!

"Chokoleti iko wapi?" nikauliza.

"Imelala," akasema. "Unaivundika, unaianika, unaikaanga. Ndiyo inaamka."

Nikamwomba mbegu nyingine ili nihakikishe kwamba kweli imelala. Kisha nyingine.

Meza ya pili kulikuwa na mashine ya kusaga ya watu wa Nairobi. Mbegu zilizokaangwa ziliingia juu zikiwa kavu kama mahindi ya kusaga, na chini ukatoka uji unaong'aa. Niliinama nikatafuta mfereji wa maji. Hapakuwa na mfereji. Msichana aliyevaa glavu nyeupe akaniambia ni mafuta ya kakao yenyewe, yamo ndani ya mbegu, yanatoka yakipata joto. Mimi niliyefanya kazi kwenye kinu cha unga! Nilimwomba aanze upya. Akaanza. Nikamwomba tena. Akaniambia, "Dada, kuna watu nyuma yako." Akanipaka mafuta meupe ya kakao mkononi ili niondoke, na nikaondoka nikinusa kiganja changu, nikigonga watu.

Niliporudi kwetu, mgeni wa heshima alikuwa ameshaingia. Alikuwa bwana mnene, mcheshi, mwenye beji ya chama kifuani kama ilivyokuwa desturi ya wakubwa wakati ule. Kwaya ya shule iliimba. Akatembea meza moja baada ya nyingine, na umati ukamfuata kama mabehewa. Aliposimama walisimama, alipopita walipita. Nikaelewa kwamba mteja wetu ni huyo mmoja. Akipita, wenye maduka wote wamepita.

Akamfikia ng'ombe wetu, akasimama, akafungua mdomo. "Ala! Huyu ni nani?" Watu wakacheka. Mama Njambi akainama kidogo na kumpa kisu kilichofungwa utepe. Bwana mkubwa akakishika, akatafuta mahali pazuri shingoni, akakiinua.

"Wewe kijana! Weka hiyo kisu chini!"

Katika miaka ile hakuna mtu aliyemwita mgeni wa heshima kijana. Umati ukafunguka, na akajitokeza bibi mmoja mwembamba, mrefu, shuka begani. Kila aliyekuwa karibu akamwita Kogo, kama Wakalenjin wanavyomwita nyanya, na hata mimi Mluhya nikajikuta namwita hivyo.

"Hamwoni kiwele?" Kogo akauliza. "Nani anachinja ng'ombe ya maziwa, kiwele imejaa hivi, na watu wamesimama hapa?"

Mama Njambi akajaribu. "Kogo, hii ni chokoleti tu."

"Hata kama ni matope. Watoto wakicheza na ng'ombe ya matope, ulishaona wakichinja ile ya maziwa? Wanachinja dume."

Wazee kadhaa wakaguna kwa kukubali. Wenye maduka, ambao karibu wote walikuwa wafugaji pia, wakatazama viatu vyao. Mgeni wa heshima akatazama kisu, akatazama kiwele, akatikisa kichwa.

"Kogo amesema kweli," akatangaza. "Mimi nimelelewa kwa maziwa. Nikimchinja huyu leo, nyumbani sitapewa hata chai." Watu wakapiga makofi. Akakilaza kisu mezani, taratibu, kama mtu aliyenusurika.

Sisi ndio hatukunusurika. Mama Njambi alikuwa ametabasamu kwa meno tu. Mkokoteni mzima wa chokoleti, na hakuna mtu hata mmoja ambaye angeuonja! Nikamgeukia Mzee Macharia.

"Nilikwambia kiwele ni kikubwa."

"Nilitaka sifa."

"Umezipata. Umesifiwa mpaka umenyimwa kisu."

Mgeni alikuwa ameshainua mguu wa kwenda meza inayofuata. Ndipo jamaa mmoja mchekeshaji huko nyuma akapaza sauti, "Kama hachinjwi, si mkamue basi!"

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Mzee Macharia hakucheka. Mimi sikucheka. Tulikuwa tunaangalia tumbo.

"Mzee," nikasema, "ndani ni wazi."

"Najua ni wazi. Mimi ndiye niliyemwacha wazi."

"Maziwa ya moto yakiingia mgongoni..."

"Yatamyeyusha kutoka ndani. Tafuta spoki."

Nikamnong'oneza Mama Njambi. Sijui alielewa nini, maana nilikuwa naongea kama mtu anayeungua, lakini akajitupa mbele ya mgeni. "Mheshimiwa! Tafadhali, wimbo mmoja tu. Ng'ombe anatayarishwa kukamuliwa." Bwana mkubwa, aliyekuwa mtu wa kupenda mambo, akaketi papo hapo, akaamuru kwaya iimbe. Maskini kwaya! Walikuwa na wimbo mmoja wa sifa. Walipomaliza beti walizojua, mwalimu wao akawapungia mikono waendelee, na wakaanza kusifu vitu ambavyo havikuwa kwenye wimbo: ngano, barabara ya lami, mwishowe mvua.

Nilichomoa spoki kwenye baiskeli iliyoegemezwa nje. Mwenye baiskeli, kama bado uko hai, ilikuwa ni mimi. Tukaichoma kwenye makaa ya akina mama waliokuwa wakipika chai nyuma ya ukumbi, na Mzee Macharia akaipenyeza kwenye kila chuchu, polepole, mpaka tumboni. Mgongoni akatoboa tundu la faneli. Mimi nikakimbilia sufuria ya maziwa.

"Wacha hayo!" akanipigia kelele mama wa chai. "Hayo ni ya wageni!"

"Watayanywa haya haya, mama. Yatapitia kwa ng'ombe kwanza."

Akabaki ameshika mwiko hewani, nami nikapita.

Yakiwa ya moto sana, ng'ombe angepasuka mbele ya wilaya nzima. Yakiwa vuguvugu, yangetoka meupe kama yalivyoingia. Nikachovya kidole, nikapaka chini ya mdomo. Bado. Nikapepea kwa aproni. Nikapaka tena. Mzee Macharia naye akapaka chake. Tukatazamana, watu wazima wawili wenye maziwa kidevuni, tukaitikia kwa pamoja, nikaanza kumimina.

Mgeni wa heshima akakunja mikono ya shati na kusogea. Kogo akamsukuma kwa kiwiko. "Ondoka hapo. Wewe unajua kukamua?" Akavuta kigoda, akaketi ubavuni mwa meza, akaomba maji, akanawa mikono. Akampapasa yule ng'ombe ubavuni na kumwambia jambo kwa Kikalenjin, kwa sauti ya chini, ile ya kuambiana asubuhi. Kwaya ikanyamaza yenyewe. Kogo akashika chuchu ya kwanza, akavuta.

Ikakatikia mkononi.

Kogo akaiangalia kiganjani, akaigeuza, akaiangalia tena. Kisha akaitia mdomoni. Akatafuna. Sijawahi kumwona mtu akitafuna polepole namna ile. Uso wake ukaanza kufunguka kuanzia kwenye macho, ukashuka, na alipomeza akatazama pande zote kama aliyeamshwa.

"Mh," akasema. "Leteni kikombe. Mnaangalia nini? Leteni kikombe!"

Ndipo yakaja. Kwanza matone, halafu uzi wa kahawia, mwembamba, halafu mkondo, ukitoa mvuke, ukigonga kikombe kwa sauti ile ile ambayo kila mtu mle ndani aliijua tangu utotoni. Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena. Hakikuwa cha kumcheka mtu. Bwana mkubwa alipewa kikombe cha kwanza, akanywa, akabaki na masharubu ya chokoleti, na msaidizi wake hakuthubutu kumwambia. Walimu wakapanga foleni. Kwaya ikapanga foleni. Mkulima wa Uganda akanywa akafuta macho, akaniambia, "Sasa imeamka kabisa." Msichana wa glavu nyeupe alizivua ili ashike kikombe vizuri. Mama wa chai alileta sufuria ya pili mwenyewe, bila kuulizwa, akadai kikombe kikubwa.

Nilimimina, Kogo akakamua, Mama Njambi akapokea vikombe. Mzee Macharia alikuwa ameweka kiganja chake kwenye ubavu wa ng'ombe muda wote, anapima unene.

"Nafula," akaniambia kimya kimya. "Anaisha."

"Amebaki kiasi gani?"

"Ukimtazama upande huu, unaona taa ya upande ule."

Na bado hakuna aliyekuwa ameagiza kitu. Walikunywa, walicheka, walilamba vikombe, lakini kikombe si oda. Mwenye duka wa mtaa wa Pioneer alikunywa, akasifu, akaenda zake. Mwingine akauliza kama kuna bure nyingine. Niliendelea kumimina, nafsi inaniambia kila tone linalotoka ni sufuria yetu inayoelekea Kisumu ikapike sabuni.

Kisha ng'ombe akapiga magoti. Alifanya kwa heshima, lazima niseme. Miguu ya mbele ililainika kwenye magoti, akashuka, kifua kikagusa meza, mgongo ukaingia ndani pole pole na faneli yake, akalala. Umati ukatoa "Aaah!" moja ndefu kama kanisani. Kogo akasimama, akajifuta mikono kwenye shuka.

"Ameanguka mwenyewe," akatoa hukumu. "Sasa mnaweza kugawa."

Hapo ndipo wazimu ulipoanza. Maana ukimwambia mtu wa upande wetu wowote ule kwamba kuna ng'ombe wa kugawa, anajua fungu lake kabla hujamaliza kusema. Wazee wakadai kichwa. Akina mama wa chai wakadai mbavu, kwa sababu wao ndio wenye moto. Mtu mmoja alisema yeye ni shemeji wa mtu, nikasahau wa nani, na shemeji hawezi kurudi mikono mitupu. Mzee Macharia, ambaye nilidhani hana kabila wala haja, akakumbuka ghafla kwamba aliyechonga hupewa shingo. Mgeni wa heshima akaomba mkia, ampelekee mama yake kama ushahidi. Kogo aligawa wote kwa kile kisu cha utepe, na hakuna aliyembishia. Akaninyooshea kwato moja, donge zima la chokoleti tupu, kubwa kama ngumi.

"Wewe uliyekimbia sana, chukua mguu."

Nikaitia mdomoni nzima. Sikuwa nimekula chakula tangu jana yake, na sikuwa nimeonja chokoleti yetu siku ambayo nilikuwa na furaha namna ile.

Ndipo mwenye duka mmoja wa Chepsaita, mtu mkimya aliyeshika kipande cha ubavu kwenye gazeti, akamkaribia Mama Njambi.

"Mama, hii nikiweka kwa maziwa ya moto nyumbani, itakuwa vile ilikuwa hapa?"

"Itakuwa vile vile."

"Basi nikatie vipande vidogo vidogo, vya kikombe kimoja kimoja. Si vya kutafuna. Watu wangu hawatafuni hivi vitu. Lakini maziwa wako nayo. Uniletee sanduku kila wiki."

Nyuma yake akasimama mwenye duka wa Kimumu, akasema, "Na mimi." Na yule wa Pioneer, aliyekuwa ameshaenda zake, akarudi akikimbia na kuuliza kama amechelewa.

Mama Njambi aliwaitikia wote kwa utulivu, kama mtu aliyelijua jambo hilo tangu zamani. Kisha akaja moja kwa moja kwangu. Hakuwa anacheka. Alinishika bega.

"Nafula. Sufuria haiendi Kisumu. Lakini vipande vya kila wiki Macharia hawezi peke yake, na mimi najua wewe ni mtu wa kuondoka. Sitaki kuahidi watu, halafu siku moja nikute aproni kwa msumari. Niambie sasa. Unakaa au hukai?"

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, kuhusu mbegu zilizolala, na mafuta yanayotoka kwenye kitu kikavu, na kwamba bado sijui kwa nini siku nyingine inatoka ya kijivu. Lakini kwato ilikuwa imejaa mdomo mzima, haipandi wala haishuki. Nikaitikia kwa kichwa. Nikaitikia tena, kwa nguvu, tena na tena, mpaka kitambaa changu cha kichwani kikafunguka na kuanguka kwenye sufuria ya maziwa.

"Amekubali," Mzee Macharia akasema, amenipa mgongo. "Mwache atafune."